Shingo ya Bi Mkubwa

Tarehe 2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi ni mzima, lakini kuna jambo nimekuficha kwa wiki mbili. Nilikuandikia kwamba nimepata kazi ya ukarani, kitengo cha kumbukumbu. Hilo ni kweli. Sikukwambia ni kumbukumbu za nani. Ni za fisi.

Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Hapa ni kituo cha kutunza wanyama wasioweza kurudi porini. Yupo fisi jike mzee, wote wanamwita Bi Mkubwa, kwa sababu kwa fisi majike ndio wanaotawala, na huyu hasahau jambo hilo hata akiwa peke yake. Anaumwa figo. Daktari anahitaji damu yake ili ajue kipimo cha dawa. Zamani walikuwa wakimlaza kwa sindano ya usingizi, wakimpiga nayo kwa bunduki, lakini mara ya mwisho moyo wake ulisimama dakika nzima, na Daktari ameapa kutorudia. Imebaki njia moja: Bi Mkubwa alete shingo yake mwenyewe kwenye tundu la wavu, asimame, achomwe akiwa macho, kwa hiari yake. Amepewa mpaka mwisho wa Julai. Ikishindikana, Daktari atamlaza usingizi wa moja kwa moja, maana kumpa dawa kwa kubahatisha ni kumtesa.

Anayemfundisha ni mama mmoja mfupi anayevaa buti za mpira kutwa nzima. Wanamwita Mama Tiki, kwa ajili ya kidude cha plastiki anachokificha kiganjani. Akikibofya kinalia: tk. Kila kinapolia, kipande cha nyama kinafuata. Kazi yangu ni kukaa na fomu na kuandika kila jaribio: saa, alichoombwa, alichofanya, alipata au hakupata.

Siku ya kwanza niliweka kiti mlangoni, mguu mmoja nje. Hatua kumi na moja hadi kwenye wavu, nimezihesabu. Wavu ni wa chuma, nimeukagua mara tatu. Lakini mdomo ule, Shangazi, unavunja mfupa wa nyati kama mtu anavyovunja biskuti. Akili yangu inauamini wavu. Mikono haijaamini.

Usimwambie mtu.

Mwanao,
Karani


Tarehe 8 Juni

Kobe wangu,

Marahaba. Goti halijatulia, ila limepata kicheko cha mwezi mzima.

Nimekusomesha mpaka ukavaa joho. Picha iko ukutani, kila mgeni anaiona akiingia. Sasa mgeni akiniuliza kijana anafanya kazi gani, nijibu nini? Anaandika mahudhurio ya fisi?

Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Watoto hamsini na wawili chumba kimoja, na fimbo juu ya meza. Mara nyingi sikuhitaji hata kuigusa. Ilikuwa inalala pale, nao wanatulia tuli. Huyo Mama Tiki wako anangoja fisi ajisikie? Anampa nyama kwa kila hatua? Basi siku nyama ikiisha ataliwa yeye mwenyewe, buti na vyote.

Kaa hapo hapo mlangoni. Na uache ile tabia ya kubofya kalamu ukiwa na hofu. Ilinitia wazimu miaka yote ya mitihani yako, tk, tk, tk, mpaka nikawa naisikia usingizini.

Ukipata nafasi niambie huyo bibi kafikia wapi. Si kwamba nataka kujua. Ni goti tu, linanikalisha sana.

Shangazi yako


Tarehe 29 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo sijui nianzie wapi.

Mama Tiki ana fimbo pia, lakini ncha yake ina mpira mwekundu, na haimgusi mtu. Wiki ya kwanza aliishika tu nje ya wavu. Bi Mkubwa alikuwa amelala kule mwisho wa banda, ametupa mgongo. Dakika ishirini hakuna kitu. Nikaandika: hakuna kitu. Halafu sikio moja likageuka upande wetu. Sikio tu, Shangazi! Tk, nyama. Nikadhani mama wa watu kachanganyikiwa. Kesho yake ikawa jicho. Kesho kutwa, kichwa. Siku ya tano alinyanyuka, akasogeza mguu mmoja. Na kila alipojua jambo moja, Mama Tiki aliacha kulilipia, akangoja jambo kubwa kidogo. Anangoja kama mtu aliyeinamia tundu la sindano na uzi mkononi.

Nilimuuliza, "Akikosea mnamfanya nini?"

"Hatumfanyi kitu."

"Kitu gani?"

"Karani, hakuna kitu. Tiki hailii, basi. Yeye mwenyewe anakaa anafikiri."

"Na akikataa kabisa?"

"Ujue mimi nimeomba kikubwa mno. Narudi nyuma, naomba kidogo."

Mimi na wewe tumekaa madarasani miaka mingi, Shangazi, kila mmoja upande wake wa meza. Hivi kuna siku uliwahi kumsikia mwalimu akisema kosa ni la swali?

Juzi Bi Mkubwa alitembea mwenyewe mpaka kwenye tundu, akafuata mpira mwekundu juu, akaegemeza shingo kwenye wavu. Shingo, mahali ambapo simba angependa kupauma. Aliiegemeza pale kama mtu anayeegemea dirisha. Daktari alivua kofia. Niliona mshipa wake ukipiga chini ya manyoya, nikajikuta nimeshika shingo yangu mwenyewe.

Lakini kuna tatizo. Kila Daktari anaposogeza bomba la sindano, hata likiwa tupu bila ncha, Bi Mkubwa anageuza kichwa kushoto, ananitazama mimi. Kisha anarudisha shingo, analipwa. Kila mara. Sindano ikiwa ndani halafu akageuka hivyo, mshipa utachanika. Mama Tiki anasema ni hofu ya sindano. Mimi nadhani ananichukia.

Mwanao,
Karani


Tarehe 15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ukimaliza kuisoma uichane.

Jana Mama Tiki aliniomba nijumlishe fomu zote, tujue Bi Mkubwa anageuka mara ngapi kwa siku. Majaribio ishirini kwa siku. Kumi na saba, kumi na tisa, kumi na nane, ishirini. Kisha nikafika tarehe 3 na 4 Julai. Thelathini na tisa, na arobaini na mbili. Siku mbili aligeuka na kugeuka tena kwa kila jaribio, halafu tarehe 5 akarudi kwenye kumi na nane.

Niliitazama karatasi ile kwa muda mrefu kabla sijaona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Maandishi ya siku zile mbili ni ya penseli. Kalamu yangu ilikuwa imeisha wino.

Ni mimi, Shangazi. Sindano ikisogea naogopa, na nikiogopa kidole kinabofya. Pampu ya maji inanguruma pale nje, sisi wengine hatusikii kitu. Yeye ana masikio ya fisi. Kwake tk ni tk. Siku moja alinitupia jicho kwa bahati tu, kalamu ikalia, akarudisha shingo, nyama ikaja. Akaona kumbe ndivyo kazi inavyotaka: sindano ikija, mgeukie karani, subiri mlio, rudi, ule. Amefanya vile hasa alivyofundishwa. Mama Tiki amefundisha shingo kwa wiki saba, na mimi nimekaa nyuma yake nikifundisha kichwa.

Zimebaki siku kumi na sita.

Sijamwambia mtu. Naweza kutumia penseli kimya kimya, lakini nimesoma kwenye mafaili yao kwamba mnyama aliyezoea kulipwa, malipo yakikatika ghafla, kwanza huzidisha. Atageuka zaidi kama siku zile mbili, atatafuta, atakasirika, na inaweza kuchukua mwezi. Hatuna mwezi. Nikisema, wataniondoa. Nikinyamaza, atakufa kwa kosa langu, na kwenye fomu itaandikwa kwamba alishindwa.

Jana nilifika mara mbili mpaka mlango wa ofisi ya Mama Tiki. Mara mbili nimerudi. Mdomo unakauka kabisa. Mtu mzima na cheti changu, naogopa mama wa buti za mpira ambaye hajawahi hata kuinua sauti. Kwa nini niko hivi?

Karani


Tarehe 18 Julai

Mwanangu,

Sijaichana.

Umeuliza swali na mimi nina jibu lake, kwa hiyo kaa chini.

Ulikuwa na miaka minane. Nilikuwa jikoni. Ukaja umesimama wima, mikono nyuma, ukasema, "Shangazi, kioo cha kabati kimevunjika, ni mimi." Hakuna aliyekuona. Ungeweza kumsingizia paka. Ulitoka huko ulikotoka ukanitafuta, ukaniletea ukweli mkononi. Nikakuchapa viboko vinne.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwa majirani: kijana wangu tangu siku ile hajavunja tena kitu. Mwaka jana nilipohamisha kitanda chako ili wapake rangi chumba, nikakuta nyuma ya ubao vikombe viwili, sahani moja na kifuniko cha birika. Vyote vimevunjika, vyote vimefungwa gazeti vizuri, na kamba juu, kama zawadi. Nilikaa kitandani pale mpaka fundi rangi akaniuliza kama naumwa.

Sikukwambia. Nilidhani nimekasirika. Sasa nimesoma hizi barua zako za fisi, ya pili mara nne, na nimeelewa nilichokuwa nacho siku ile. Nilikupiga kwa kusema kweli, mwanangu. Kioo kilikuwa kimeshavunjika, kiboko hakikukifikia. Kilichofikiwa ni mdomo wako.

Watoto hamsini na wawili mara miaka thelathini na moja, piga hesabu mwenyewe, mimi siwezi. Walikuwa wametulia tuli.

Nenda kamwambie huyo mama. Akikufukuza, kitanda chako kipo na chumba kina rangi mpya. Kama mdomo umekauka, andika. Kuandika unaweza kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Halafu uniambie kama bibi amesimama.

Shangazi yako


Tarehe 21 Julai

Kwa: Mkufunzi
Kutoka kwa: Karani wa Kumbukumbu
Yah: Kugeuka kwa Bi Mkubwa

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukufahamisha kwamba mnyama tajwa haogopi sindano. Anageuka kwa sababu ya kalamu yangu, ambayo huilisha, yaani huibofya, ninapoogopa. Nimeambatisha fomu za tarehe 3 na 4, nilipotumia penseli. Mlio wake unafanana na tiki.

Nimelijua jambo hili tangu tarehe 14. Siku saba hizi nimekaa nalo kwa woga, na nimezitoa kwenye siku za Bi Mkubwa, si zangu.

Niko tayari kukabidhi ufunguo na mafaili.

Samahani sana, Mama. Samahani sana.

Karani


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa penseli)

Karani,

Nimekuta karatasi yako chini ya mlango. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikacheka mpaka Daktari akaja na maji. Hapo kwenye "huilisha" usipasahihishe, pazuri hivyo hivyo.

Miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii nimekuwa nikimtazama mnyama na kusahau kuwa chumbani tuko watu. Kosa la kutosikia kalamu ni la kwangu. Nisingeliona kamwe kwenye banda. Limeonekana kwenye fomu, na fomu ni zako.

Ufunguo baki nao. Hatuna muda wa kumfundisha asikutazame. Basi na akutazame. Kesho tunahamisha kiti chako kutoka kushoto kwenda kona ya kulia, karibu na tundu. Nimejaribu kwa fimbo leo asubuhi: akielekea kona ile, shingo yake inajilaza yenyewe mahali Daktari anapopataka. Kalamu yako ndiyo tiki yake sasa. Utabofya sindano ikishatoka, si kabla.

Kona ile ni hatua moja kutoka mdomoni mwake. Najua. Siku ya kwanza ulikaa hatua kumi na moja. Jana ulikaa hatua nne, umekunja miguu, unaandika. Nani alikusogeza? Fikiria mahali nilipokuwa nikikuwekea kikombe chako cha chai kila asubuhi.

Njoo saa mbili.

Mama Tiki


Tarehe 31 Julai

Shangazi mpendwa,

Amesimama.

Shikamoo, nimesahau hata kukuamkia.

Tulifanya mazoezi siku tisa. Siku ya kwanza kwenye ile kona nilibofya kabla ya wakati mara sita kati ya kumi. Nilingoja kuambiwa kitu. Mama Tiki alisema, "Nimeomba muda mrefu mno. Tuanze na sekunde moja." Alikuwa anasema na mimi, Shangazi, si na fisi. Tukaanza na sekunde moja. Kisha mbili, kisha tano. Jana tulifika hamsini, bomba likiwa na ncha butu iliyobanwa shingoni, na Bi Mkubwa ananitazama tu.

Leo asubuhi ilikuwa sindano yenyewe. Daktari alinawa mikono mara mbili. Mama Tiki aliinua mpira mwekundu, Bi Mkubwa akatoka kule nyuma kwa mwendo wake wa kuchechemea, akaja, akanitafuta kwa macho, akaniona kwenye kona, na shingo ikalala kwenye tundu.

Hakuna aliyemshika. Nataka ulione hili kama nilivyoliona mimi. Hakukuwa na kamba wala mnyororo. Mlango wa nyuma wa banda ulikuwa wazi, jua linaingia, na nje kuna nyasi na kivuli. Angeweza kwenda wakati wowote.

Sindano ikaingia. Kwenye ngozi ya begani ulipita mtetemo, kama upepo juu ya maji ya ndoo. Damu ikaanza kupanda kwenye kichupa, nyeusi zaidi ya nilivyotarajia. Pumzi yake ilikuwa inanipiga gotini. Jicho lake ni la kahawia, na katikati yake niliona kitu cheupe cha mraba kinachotetemeka. Ilikuwa fomu yangu.

Nilihesabu moyoni. Ishirini. Ishirini na tano. Sekunde ya thelathini na moja mtu akaangusha ndoo uani.

Masikio yake yakalala. Midomo ikavutika, nikaona meno yote, hata yale ya nyuma kabisa ya kuvunjia mifupa. Daktari hakupumua. Kidole changu kilikuwa juu ya kalamu, na kila kitu mwilini mwangu kiliniambia bofya, maliza, kimbia. Ningebofya angegeuka kwenda kwenye nyama, na sindano ilikuwa ndani.

Sikubofya. Nilimtazama. Naye alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba yeye pia anaogopa, amekuwa akiogopa muda wote huu, kila siku aliyokuja kwenye wavu ule. Alikuwa anaogopa na amesimama. Sijui kama kuna neno la jambo hilo. Masikio yakainuka taratibu, moja, kisha la pili. Akaegemea zaidi.

Sekunde ya arobaini na nne Daktari akatoa sindano, akasema kwa sauti ndogo, "Sasa."

Tk.

Akala nyama yake kwa adabu kuliko baadhi ya watu tunaowafahamu. Daktari alikaa sakafuni na kile kichupa amekikumbatia kwa mikono miwili, akawa anasema, "Jamani. Jamani." Ameshapima. Figo zimechoka lakini zinafanya kazi, na kuanzia leo atapata dawa kwa kipimo chake mwenyewe. Damu nyingine mwezi ujao. Mama Tiki alipangusa mpira mwekundu kwa kanzu yake ya kazi, akaupangusa tena ingawa ulikuwa safi. Halafu akasema, "Andika, Karani."

Nimeandika. Mstari wa leo umepinda, lakini unasomeka. Safu ya mwisho inauliza mnyama aliondoka kwenye wavu saa ngapi. Hiyo nimeiacha wazi. Ninapokuandikia ni saa nane mchana, nyama imekwisha zamani na wenzangu wamekwenda kula. Bi Mkubwa amelala pale pale, ubavu kwenye chuma, mlango nyuma yake uko wazi, na kiti changu sijakisogeza.

Mwanao